Neno moja la Kiingereza, matano ya Kislovakia: wapi kamusi inakupoteza na wapi Kiswahili kinakuokoa

KalamuRisasi (mwanzisha uzi)

Wakuu, wengi wanaojifunza Kislovakia tunapitia kamusi ya Kiingereza. Unaandika neno, kamusi inakumwagia maneno matano ya Kislovakia yakiwa yametenganishwa kwa mkato, unabeba la kwanza, unaharibu. Hoja ya uzi huu: kabla ya kugusa kamusi, uliza Kiswahili kinasemaje. Mara nyingi Kiswahili kimeshakata palepale Kislovakia kilipokata, na Kiingereza ndicho kilichokoroga vyote pamoja.

Tuanze na "wash". Sisi tunafua nguo, tunaosha vyombo, tunanawa mikono, tunaoga. Mslovakia naye ana "prať" kwa nguo tu, na "umývať" kwa vyombo, madirisha, gari, nywele na mikono. "Prať riad" ni sawasawa na kusema unafua sahani. Kuoga ni "sprchovať sa" ukiwa chini ya bomba la mvua, na "kúpať sa" ukiwa ndani ya maji, iwe beseni la kuogea au mto. Ukishajua hilo hata rafu ya sabuni dukani inasomeka: "prací prášok" ni unga wa kufulia, "prací gél" ni ya maji ya kufulia, "prostriedok na riad" ni ya vyombo. Chupa inayowaponza wageni ni "aviváž": imekaa rafu moja na sabuni, ina picha ya maua na taulo, lakini ni ya kulainisha nguo. Hiyo haitoi uchafu hata ukimimina chupa nzima. Na mashine: "práčka" inafua, "umývačka" inaosha vyombo.

La pili ni "smell". Kiingereza kinakulazimisha uongeze kivumishi ili ijulikane harufu ni nzuri au mbaya. Sisi hatuna shida hiyo, kitu kinanukia au kinanuka. Kislovakia hivyohivyo: "káva vonia", kahawa inanukia; "ryba smrdí", samaki ananuka. Kuusifu mchuzi wa mwenye nyumba kwa "smrdí" ni kosa zito kama la Mzungu anayemwambia mama wa Kizanzibari kwamba pilau lake linanuka. Wewe unayeipokea harufu unatumia "cítiť": "cítim dym", nasikia harufu ya moshi. Kitenzi hichohicho ndicho cha kuhisi maumivu au furaha, kama "kusikia" kwetu kunavyosikia harufu, baridi na njaa.

La tatu, "marry". Mwanaume anaoa, "oženiť sa". Mwanamke anaolewa, "vydať sa". Anayewaozesha, padri au ofisa, "sobáši" wawili hao. Angalia na kinachofuata: Peter sa oženil s Annou, Anna sa vydala za Petra. Ni vihusishi viwili tofauti na uambishaji wa jina tofauti. Kwenye fomu mwanaume anajaza "ženatý", mwanamke "vydatá". Mwanaume akijiandika "vydatý" amejiandika kuwa ameolewa.

Leteni mengine.

---

Mwanagenzi21

Mkuu, naomba msaada kwenye "know" na "can". Kila nikitaka kusema najua kuogelea naandika "môžem plávať" na mwalimu anakata kwa wino mwekundu.

---

BintiMwambao

@Mwanagenzi21 mwenyewe umeshasema "najua kuogelea". Basi ifuate hiyo: "viem plávať". Ujuzi wa kufanya jambo ni "vedieť". "Môžem plávať" maana yake hakuna kinachonizuia kuogelea, pengine daktari ameruhusu au bwawa liko wazi. Kuruhusiwa kwa kanuni ni "smieť", na kukatazwa ni "nesmieť": "tu sa nesmie fajčiť", hapa hairuhusiwi kuvuta sigara. Na kuna "dá sa", ile ya "inawezekana?", utaisikia kila siku: "Dá sa platiť kartou?"

Kuhusu "know", hapa Kiswahili hakikusaidii sana kwa sababu kujua ni kujua tu. Tazama kinachofuata kitenzi. Kikifuata kisentensi chenye že (kwamba), kde (wapi), kedy (lini), ako (vipi), ni "vedieť": "viem, kde býva", najua anapoishi. Kikifuata mtu, mji, wimbo au mkahawa, ni "poznať": "poznám jeho brata", namjua kaka yake. Lugha ni "viem po slovensky". Ila kuna nomino zinazokubali "vedieť", hasa vitu vya kukariri au kujibu: "vedieť odpoveď", "vedieť báseň naspamäť".

---

MkalimaniMkavu

Uzi mzuri, lakini mwanzisha uzi amechagua mifano inayompendeza. Kiswahili nacho kinapoteza watu, tena vibaya. Ninayoyaona kwenye kazi za wanafunzi:

Kusoma. Kitabu ni "čítať". Kujisomea kwa ajili ya mtihani ni "učiť sa". Kuwa mwanafunzi wa chuo ni "študovať". Mtu anaandika "čítam na univerzite medicínu", na Mslovakia anamwona kakaa maktaba na gazeti la udaktari.

Kucheza. Ngoma ni "tancovať". Mpira ni "hrať futbal". Mtoto na mdoli wake ni "hrať sa". Kupiga gitaa ni "hrať na gitare". Kale ka-"sa" ukikasahau au ukikaongeza pasipo mahali pake, mchezaji wa timu ya taifa anakuwa mtoto anayechezea kifuniko cha soda.

Kuvaa. Nguo "obliecť si", viatu "obuť si", kofia, miwani na helmeti "nasadiť si". Hayo ni matendo ya kuvaa. Ukiwa umeshavaa ni "mať na sebe". Unachovaa siku zote ni "nosiť", ambalo pia ni kubeba: "nosí okuliare" ni huvaa miwani, hakuna anayemwona kaibeba kichwani kama ndoo.

Rahisi. Kwetu mtihani ni rahisi na nyanya ni rahisi. Kwao mtihani ni "ľahký", nyanya ni "lacné". Na hilo "ľahký" ndilo "nyepesi", kwa hiyo mfuko mwepesi na swali rahisi vinashiriki neno. Kiingereza kinaingilia hapa na "light" yake: mzigo "ľahký", rangi isiyoiva "svetlý", taa na mwanga "svetlo".

---

KalamuRisasi

@MkalimaniMkavu sipingi. Kiswahili ni kituo cha kwanza tu, safari inaendelea. Ila kuna sehemu nzima ambako Kiingereza kinakata na sisi na Waslovakia hatukati: mwili. "Ruka" ni mkono wote kuanzia begani hadi vidoleni, "noha" ni mguu wote, "prst" ni kidole, cha mkono au cha mguu. Anayepitia Kiingereza anahangaika kutafuta neno la mkono wa juu na neno la mkono wa chini, wakati angesema "ruka" akamaliza. Ukitaka kiganja, "dlaň", unyayo, "chodidlo".

Na maumivu. "Bolí ma hlava" ni kichwa kinaniuma, neno kwa neno: kichwa ndicho kiima, mimi ndiye ninayeumwa. Vikiwa vingi kitenzi kinafuata: "bolia ma nohy", miguu inaniuma.

---

BintiMwambao

Hapohapo kwenye mwili niongeze hali ya joto, maana kosa lake linachekesha na linaudhi kwa pamoja. Usitafsiri kutoka Kiingereza ukasema "som teplý". Mtaani hiyo inasikika kama kujitangaza kuwa shoga, tena kwa neno la kejeli. Sema "je mi teplo", nasikia joto. Baridi ni "je mi zima". Kujisikia vibaya ni "je mi zle", kwa sababu "som zlý" ni mimi ni mtu mbaya. Mpangilio ni "je" kisha "mi" kisha hali yenyewe, na mtu anakuwa kwenye "mi, ti, mu, jej" (mimi, wewe, yeye mwanaume, yeye mwanamke).

Pilipili kali ni "pálivý" au "štipľavý". Ukimwambia mhudumu supu ni "horúca" atasubiri ipoe.

---

FundiSpana

Tushuke gereji. Humu ndimo Kiingereza kinapokoroga zaidi.

"Nut": ya kula ni "orech", ya bolti ni "matica". Karanga ni "arašidy", korosho "kešu". Mkiona jina Matica slovenská msidhani ni kiwanda cha nati, ni taasisi ya utamaduni iliyoanzishwa 1863, yenye makao yake mji wa Martin.

"Key": ufunguo ni "kľúč", na spana pia ni "kľúč". Spana mdomo ni "vidlicový kľúč", spana ringi ni "očkový kľúč". Fundi akikwambia "podaj mi trinástku" anataka spana ya milimita 13, ile inayofungua nati ya M8. Kitufe cha kompyuta si "kľúč", ni "kláves". Na ile ki ya chuma inayokaa kwenye mfereji wa shafti ili puli isiteleze ni "pero", neno ambalo pia ni unyoya na kalamu ya wino. Atakayeagiza "kľúč na hriadeľ" ataletewa spana au ataulizwa maswali.

"Washer": ya bati chini ya nati ni "podložka", ya mpira kwenye bomba ni "tesnenie", inayofua ni "práčka". Kamusi inakupa yote matatu mstari mmoja.

"Spring": springi "pružina", chemchemi "prameň", majira baada ya baridi "jar".

"Tap": bomba la maji ni "kohútik", maana yake halisi jogoo mdogo. Kugonga kidogo ni "klopkať".

Kuna moja limekubaliana: "crane". Ndege na mashine ya kunyanyulia mizigo, yote "žeriav". Nadhani shingo ndiyo iliyoamua.

---

Mwanagenzi21

Nimecheka na jogoo. Vipi "change"? Naona kamusi imejaza ukurasa.

---

MkalimaniMkavu

@Mwanagenzi21 shika viambishi vya mbele, ndivyo vinavyobeba kazi.

Kitu kilekile kimekuwa tofauti: zmeniť. Zmeniť názor (maoni), zmeniť heslo (nenosiri).
Kimetoka kimoja kimeingia kingine: vymeniť. Vymeniť žiarovku (balbu), vymeniť olej.
Umechukua cha mwenzio ukadhani ni chako: zameniť si. Watu wawili wenye masanduku meusi stesheni.
Umevunja noti: rozmeniť. "Môžete mi rozmeniť dvadsať eur?" Hiyo roz- ni ya kutawanya, kama kwetu tunavyovunja noti.

Kisha zinakuja zisizotokana na mzizi huo kabisa. Kubadili nguo ni "prezliecť sa", kubadili viatu "prezuť sa". Hilo la viatu utalihitaji mlangoni mwa kila nyumba, na shuleni watoto wana "prezúvky", viatu vya ndani. Kitenzi hichohicho kinatumika gari linapobadilishiwa matairi ya msimu, "prezuť auto". Kubadili treni ni "prestúpiť": "v Žiline musíte prestúpiť", mjini Žilina lazima ubadili treni.

Chenji nayo ni mbili. Hela ndogondogo mfukoni ni "drobné". Unayorudishiwa na muuzaji ni "výdavok". Ukimwambia muuzaji "nemám drobné" umesema huna sarafu za kumpa, hujadai chochote.

Halafu jozi. Kamusi nzuri inaandika "meniť / zmeniť". La kwanza ni tendo linaloendelea au la kujirudia, la pili ni tendo lililofikia mwisho. Wakati ujao wa la kwanza ni "budem meniť", wa la pili ni "zmením" peke yake. "Budem zmeniť" haipo, na ndilo kosa la kwanza kwa wingi.

---

KaraniWaMapokezi

Nyongeza ya makaratasi, kwa wanaojaza fomu.

"Letter" ya alfabeti ni "písmeno", ya posta ni "list". Lakini "list" ni jani la mti pia, na ni cheti. Cheti cha kuzaliwa "rodný list", cha ndoa "sobášny list", cha kifo "úmrtný list". Kuandika "certifikát manželstva" ni kutafsiri Kiingereza. Karani ataelewa baada ya kukutazama kidogo.

Ndoa yenyewe ina maneno matatu. Tendo la kufunga ndoa ni "sobáš", sherehe na mlo ni "svadba", maisha ya ndoa ni "manželstvo". Harusi na ndoa zetu zinakaa vizuri kwenye la pili na la tatu.

"Issue" kwenye pasipoti ni "vydať": "dátum vydania" ni tarehe ya kutolewa. Toleo la gazeti ni "číslo" au "vydanie". Tatizo ni "problém". Mmeona "vydať" imerudi? Kitenzi ni kimoja: kutoa hati, kutoa kitabu, na kwa "sa" ni kuolewa. Kinachowatenganisha ni mwisho wa neno: kitabu kilichochapishwa ni "vydaná kniha", mke wa mtu ni "vydatá žena". Herufi moja tu.

"Free" iangalieni sana. Kwenye fomu "slobodný, slobodná" ni asiye na ndoa. Kiti kitupu ni "voľný": "Je tu voľné?" ndiyo ile yetu ya "hapa pana mtu?" Bure ni "zadarmo", na kama kivumishi "bezplatný". Kisicho na kitu fulani ni "bez": bez cukru (bila sukari), bez lepku (bila gluteni). Ukitaka kumuuliza dada wa watu kama ana nafasi jioni, sema "máš večer čas?" Ukisema "si slobodná?" umeshaanza posa.

---

Mwanagenzi21

Na hizi "uncle" na "aunt"? Kwetu mjomba si baba mdogo.

---

KaraniWaMapokezi

Kwao pia, kwa asili. "Strýko" ni ndugu wa kiume wa baba, mkewe "stryná". "Ujo" ni mjomba, mkewe "ujčiná". "Teta" ndiyo inayofunika shangazi na mama mdogo bila kubagua. Siku hizi mpaka umelegea: mtoto humwita "ujo" mwanaume yeyote mtu mzima na "teta" mwanamke yeyote, kama "anko" na "anti" za mjini.

---

FundiSpana

Saa. Msipoijua hii mtachelewa kazini.

"Pol desiatej" si saa nne na nusu. Hesabu yao ni nusu ya saa inayokuja: saa ya kumi imeanza, imefika nusu, kwa hiyo ni 9:30, yaani saa tatu na nusu asubuhi. Anayeifahamu ile ya Waingereza ya kukata na kusema "half ten" atafika 10:30, saa nzima imepita. Robo nazo hivyohivyo: "štvrť na tri" ni 2:15, "trištvrte na tri" ni 2:45.

Mtego wa pili: "o tretej" ni saa 3:00, yaani saa tisa kwetu. "O tri hodiny" ni baada ya saa tatu kupita. Fundi bomba akisema "prídem o tri hodiny" usimsubiri saa tisa.

Na neno "saa" lenyewe: muda ni "hodina", ya ukutani ni "hodiny", ya mkononi ni "hodinky". Hizo mbili za mwisho ni wingi hata ikiwa moja. "Hodina" ya shuleni ni kipindi, dakika 45.

---

BintiMwambao

Vya haraka haraka, maneno yanayofanana na si ndugu.

"Čipsy" si chipsi zetu. Hizo ni krispi za pakiti. Chipsi za sahani ni "hranolky".
"Hosť" ni mgeni, ingawa Kiingereza kinakuvuta kwa mwenyeji.
"Aktuálny" ni ya sasa hivi, "eventuálne" ni pengine, "gymnázium" ni shule ya sekondari ya kuandaa chuo.
"Prezervatív" ni kondomu. Usiulize kama juisi inayo.
"No" ni "haya, basi", na mtaani mara nyingi ni "ndiyo". Hapana ni "nie".
"Doprava" ni kulia na pia ni usafirishaji. Ubao wa wizara haukuelekezi upinde.

Na kwa upande wetu: "baba" kwao ni mwanamke, kwa kawaida mzee au wa kutaniwa, "pole" ni shamba tambarare, "kosa" ni chombo cha kukatia nyasi chenye mpini mrefu, "ruka" mmeshaijua.

---

Mwanagenzi21

Sasa nikikutana na neno ambalo halimo humu, nafanyaje ili nisibebe la kwanza?

---

MkalimaniMkavu

@Mwanagenzi21 geuza upekuzi. Kamusi ikikupa manne, chukua kila moja ulirudishe kutoka Kislovakia kwenda Kiingereza. Lile linalokurudishia maana nyingine kabisa, litupe. Yaliyobaki yaandike kwenye lango la kamusi la taasisi ya isimu ya Jazykovedný ústav Ľudovíta Štúra. Ni bure, linaeleza Kislovakia kwa Kislovakia, na usisome maelezo kwanza, soma mifano iliyochapwa kwa italiki. Tazama nomino gani zinakaa jirani na neno. Kama bado unasitasita, Slovenský národný korpus inakuonyesha neno ndani ya sentensi nyingi halisi. Mara nyingi sentensi 20 zinatosha kuona.

Kwenye kadi usiandike neno peke yake. Andika "vymeniť žiarovku", usiandike "vymeniť". Na nyuma ya kadi weka Kiswahili.

---

Mwanagenzi21

Jaribio basi. "Floor". Sakafu na ghorofa?

---

KalamuRisasi

Umepatia. Sakafu "podlaha", ghorofa "poschodie", ya chini kabisa "prízemie", na "prvé poschodie" ni ile unayopanda ngazi kuifikia. Ukifika hapo utatafuta nyumba, kwa hiyo ujue na hili: "trojizbový byt" ni sebule na vyumba viwili vya kulala. Sebule inahesabiwa, jiko halihesabiwi.